Kulala Kimara, Kununua Kariakoo: Hesabu ya Gesti ya Mbali Tunaipiga Nusu

Mfanyabiashara wa Tabora au Songea akisema anakuja Dar es Salaam kufuata mzigo, ataambiwa lilelile wanaloambiwa wote: usilale mbali na mjini, maana utakachookoa kwenye chumba utakiacha barabarani. Ushauri huo si uongo. Kasoro yake ni kwamba hesabu yake ilipigwa zamani, wakati stendi ya mabasi ya mikoani ikiwa Ubungo na daladala ikiwa ndiyo njia ya karibu kila mtu kuingia Kariakoo. Mabasi ya mwendokasi, yale yenye njia yao maalumu, yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Stendi ikahamia Mbezi Luis Februari 2021. Mabasi ya mikoani yakaruhusiwa kutembea usiku mwaka 2023, na treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, ikaanza safari zake 2024. Jiji limejipanga upya, ushauri haujagusika.

Kwa mjini hapa tuelewane kuwa ni Kariakoo, Mnazi Mmoja, Kisutu na Posta, mpaka Upanga. Mbali ni kwingi: Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta. Nitakaa zaidi kwenye Barabara ya Morogoro, kuanzia Ubungo kupanda Kimara, Mbezi hadi Kibamba, kwa sababu ndiko abiria wengi wa bara wanakoshukia na ndiko ubishi wenyewe uliko.

Wanaotetea chumba cha mjini wana hoja nzito, na ya kwanza haihusu nauli hata kidogo. Anayelala Mtaa wa Sikukuu au Aggrey anaweza kurudi chumbani saa 7 mchana, akaacha sampuli, akaoga, akaswali, akapumzika nusu saa na kurudi dukani. Anaweza kuzunguka maduka kumi asubuhi kuuliza bei, akaenda kukaa na daftari lake, kisha jioni akarudi kwenye maduka mawili tu kufunga biashara. Aliyelala Kimara akishaingia mjini ameingia. Chochote alichobeba anakizungusha kutwa, pamoja na uchovu wake. Halafu kuna fedha. Ingawa malipo mengi sasa yanapita kwenye simu na benki, bado wapo wanaokuja na taslimu, na kupanda nayo kwenye basi lililobana watu kifua kwa mgongo ni kuwatafutia kazi wachomoaji. Hayo yote ni kweli.

Lakini hoja inayotajwa mara nyingi ni nauli, na hapo ndipo hesabu hupigwa nusu. Tuchukue mfano. Chumba cha self (choo na bafu ndani) chenye feni Kimara tukiweke Sh25,000, na cha hadhi ileile Kariakoo Sh45,000. Bei hupanda na kushuka kwa mtaa na kwa msimu. Tunachotaka hapa ni tofauti, ambayo ni Sh20,000 kwa usiku mmoja. Nauli ya mwendokasi kwenye njia kuu, kwa viwango vilivyoanza Desemba 2023, ni Sh750, kwa hiyo kwenda na kurudi ni Sh1,500. Weka na bodaboda ya Sh1,000 kutoka gesti hadi kituoni asubuhi, na nyingine jioni. Jumla Sh3,500. Kwenye ile Sh20,000 unabakiwa na Sh16,500 kila siku. Kwa siku nne ni Sh66,000, na kwa mwenye mtaji wa milioni mbili hiyo si hela ya kudharau.

Basi kwa nini watu wanaapa kwamba nauli inamaliza faida? Kwa sababu nauli inayomaliza faida ni ile ambayo msafiri hakuipanga: gari la kukodi la usiku. Ukichelewa Kariakoo mpaka mabasi yamepungua, au ukawa umebeba mabegi matatu ambayo huwezi kupanda nayo kwenye mwendokasi, utaita teksi. Gari moja la namna hiyo hadi Kimara linaweza kumeza tofauti yote ya siku ile. Ukiendelea nalo hadi Mbezi linaanza kula na ya jana. Ndiyo kusema gesti ya mbali ni rahisi kwa mtu mwenye nidhamu ya saa. Anayejua kwamba saa 12 jioni anafunga daftari na saa 1 yuko ndani ya basi, anaokoa. Anayependa kuonana na rafiki Mnazi Mmoja mpaka saa 5 usiku, alale Mnazi Mmoja.

Jambo la pili linalokosewa ni namna ya kupima umbali. Watu hutaja kilomita. Kilomita hazisemi kitu Dar es Salaam. Gesti ipimwe kwa idadi ya magari unayobadilisha na mahali unapopandia. Kimara Mwisho iko kilomita 15 na ushee kutoka Kivukoni, mwisho wa njia upande wa mjini, lakini ni basi moja, na basi hilo linaanzia pale. Anayepanda Kimara ana nafasi ya kupata kiti akivumilia foleni ya kupandia. Anayelala Manzese au Magomeni, ambaye kwenye ramani yuko karibu mara mbili, anasimama kituoni kuanzia saa 12 na nusu asubuhi akitazama mabasi yaliyojaa yakimpita, au yakisimama mlango ukishindwa kufunguka kwa jinsi watu walivyobanana. Jioni ni hivyohivyo: ukipandia Gerezani au Kivukoni, ambako basi linaanzia, unakaa hadi Kimara, anayedakia njiani, kituo cha Fire, ananing'inia. Kwa hiyo kwenye njia hii mwisho wa reli, tuseme, una nafuu ambayo katikati haina, na wageni wengi wanaotafuta "mahali pa kati" ili wasiwe mbali sana hujikuta wamechagua pale ambapo usafiri wa asubuhi ni mgumu kuliko kote.

Mbezi Luis ni habari nyingine. Iko kilomita chache mbele ya Kimara, jumla zaidi ya 20 kutoka katikati ya jiji, na ingawa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane, njia maalumu ya mwendokasi ya awamu ya kwanza inaishia Kimara. Kutoka Mbezi mara nyingi unapanda gari moja hadi Kimara na jingine kuingia mjini, na yale yanayokwenda moja kwa moja huchanganyika na magari mengine katika kipande cha mwanzo. Kubadilisha gari mara moja tu, kwa mtu asiyejua njia, kunaweza kuongeza nusu saa kila upande. Ndiyo maana nasema kwa kufuata mzigo, Kimara inaishinda Mbezi, hata kama chumba cha Mbezi ni rahisi kwa Sh5,000. Mbezi ina kazi yake, nitaifikia.

Ukipandia Kimara, angalia na ubao wa basi. Mabasi ya Gerezani na ya Kivukoni yanafuata njia moja hadi Fire. Hapo la Gerezani linakata kuingia Barabara ya Msimbazi na kupita ubavuni mwa Kariakoo, na la Kivukoni linaendelea kwenda DIT, Kisutu na Posta ya Zamani. Mgeni anayepanda la Kivukoni kwa kuwa limefika kwanza akidhani yote ni ya mjini, atatembea kurudi nyuma au atalipa bajaji. Na kabla ya safari ya kwanza, pata kadi na uweke salio la siku zote mara moja. Foleni ya tiketi asubuhi huchosha kuliko safari yenyewe.

Sasa Jangwani. Hapa ndipo wapinzani wa gesti ya mbali wana silaha yao kubwa, na cha ajabu hawaitumii vizuri. Kati ya Magomeni na Fire, Barabara ya Morogoro inakatiza bonde la Mto Msimbazi. Mto huo unaanzia huko juu kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, na ukifika Jangwani umeshapokea maji ya nusu ya jiji pamoja na mchanga na taka zake. Masika, Machi hadi Mei, na siku za vuli kali, maji hupanda juu ya lami na barabara hufungwa. Si lazima mvua iwe inanyesha pale: anga ya Kariakoo inaweza kuwa nyeupe huku maji ya Pugu ndiyo kwanza yanawasili. Mwendokasi hugeuzia Magomeni, na maelfu ya watu hujikuta upande mmoja wa mto na shughuli zao upande mwingine. Karakana ya mabasi hayohayo iliwahi kujengwa Jangwani palepale, na mafuriko yakaiingilia pamoja na mabasi yake. Aliyepanga hivyo hajapata kueleweka.

Mgeni wa Kimara siku hiyo afanyeje? Kosa la kawaida ni kupanda basi hadi Magomeni kwa matumaini kwamba "nikifika pale nitajua". Magomeni ukiwa umekwama, njia zilizobaki ni mbovu: kupita Kigogo, ambako nako kuna Msimbazi uleule, au kuzunguka Kinondoni hadi Barabara ya Ali Hassan Mwinyi pamoja na kila mtu mwingine. Ukisikia Jangwani pamefungwa, shuka Ubungo. Chukua gari la Barabara ya Mandela hadi Buguruni, kisha Barabara ya Uhuru uingie Kariakoo kwa nyuma. Au endelea hadi Tazara na uingie kwa Barabara ya Nyerere. Ni mzunguko mrefu na Mandela nayo hujaa malori ya bandarini, lakini inapitika. Kama mvua imekesha ikinyesha, uliza mapokezi kabla ya kutoka. Wahudumu wa gesti za Kimara wanajua hali ya Jangwani mapema kuliko redio, kwa sababu wenzao wa zamu wanatoka huko.

Watetezi wa mjini husimama hapo na kusema: unaona? Lakini endelea na hesabu. Yule aliyelala Kariakoo hajavuka Jangwani asubuhi, sawa, amenunua mzigo wake vizuri. Basi lake la Mwanza au Bukoba linaondokea wapi? Mbezi. Bonde lilelile ambalo mwenzake alilivuka asubuhi akiwa na begi dogo mgongoni, yeye atalivuka saa 9 usiku akiwa na mizigo, kuwahi gari la alfajiri. Mafuriko hayachagui nani kalala wapi, yanachagua siku. Yakimkuta wa Kimara siku ya kununua, anapoteza nusu siku, na duka atalikuta kesho. Yakimkuta wa Kariakoo alfajiri ya kuondoka, anapoteza tiketi, na pengine kiti cha siku inayofuata pia. Mkopo wa Benki ya Dunia kwa mradi wa Bonde la Msimbazi umelenga, pamoja na mengine, daraja jipya na refu la Jangwani. Mpaka litakapokuwa linapitika kwa miaka miwili mitatu ya masika bila kufungwa, mtu anayepanga safari ya Aprili aihesabu Jangwani kama anavyohesabu nauli.

Na hata bila mafuriko, ile safari ya usiku kutoka Kariakoo kwenda stendi ndiyo gharama ambayo watetezi wa chumba cha mjini huisahau kila mara. Mabasi mengi ya masafa marefu bado hupenda kuondoka kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri. Saa hizo huwezi kuitegemea mwendokasi na mabegi. Unakodi gari kuvuka jiji zima. Fedha uliyojisifu kwamba hukuilipa kwa siku nne unailipa yote kwa mkupuo saa 9 usiku, bila nafasi ya kupatana, kwa sababu dereva anajua huna ujanja.

Mzigo wenyewe haupaswi kuwa kigezo, ingawa wengi hudhani ndicho kikubwa. Marobota ya nguo, katoni za vyombo na vipuri havilali gesti. Kariakoo imejaa wasafirishaji wa mikoani: unanunua, mpagazi au guta linapeleka kwa msafirishaji wa mkoa wako, unaandikiwa risiti yenye idadi ya vifurushi na alama yako, na mzigo unapanda lori. Wewe unabaki na begi la nguo na sampuli. Anayebeba marobota kuyaleta chumbani ili "ayaone" analipa mpagazi mara mbili, na gesti nyingine humtoza ya stoo.

Turudi kwenye chumba. Usingizi una bei, ingawa haumo kwenye risiti. Vyumba vya bei nafuu Kariakoo vingi viko kwenye majengo yaliyobanana, dirisha likitazama ukuta wa jirani kwa mita moja au mbili. Hewa haipiti. Kuanzia Desemba hadi Machi, feni ya chumba hicho inazungusha joto lilelile, na umeme ukikatika hata hiyo haipo. Chini kuna maspika ya matangazo ya bei hadi jioni, kisha malori yanaanza kupakia. Kimara na Mbezi ziko kwenye vilima. Usiku upepo unapita, na mtu wa bara asiyezoea jasho la pwani anaisikia tofauti hiyo siku ya kwanza. Mwenye gari lake, aliyekuja na pikapu kutoka Morogoro au Dodoma, hata hahitaji kushawishiwa: gesti ya mbali ina geti na uwanja wa kuegesha, wakati Kariakoo utalipa maegesho na bado usilale kwa wasiwasi wa taa na vioo.

Hata hivyo gesti za mbali zina ugonjwa wao, na hauzungumzwi waziwazi. Nyingi haziishi kwa wageni wa kulala. Zinaishi kwa wateja wa kupumzika, wale wa saa moja au mbili. Biashara hiyo ni ya mwenye gesti na sina ugomvi nayo, ila inamgusa msafiri kwa namna tatu. Milango inagongwa na kufungwa usiku kucha, hasa Ijumaa na Jumamosi na mwisho wa mwezi. Mashuka hubadilishwa haraka haraka, na haraka hiyo huacha mambo. Na muziki wa baa iliyoko uwanjani hauzimwi kwa ajili yako. Kuitambua ni rahisi: uliza bei kwa simu bila kusema unalala. Mhudumu akikujibu kwa kuuliza "ya kulala au ya kupumzika?", umejua. Si lazima uikimbie. Omba chumba cha ghorofa ya juu au cha mwisho wa korido, mbali na baa. Bora zaidi ni gesti isiyo na baa kabisa, yenye kijibango cha chai na chapati asubuhi. Hizo zinaishi kwa wasafiri.

Ugonjwa wa pili ni mita mia mbili au tatu za mwisho. Mwaka 2017 kulikuwa na bomoabomoa kubwa kando ya Barabara ya Morogoro kupisha upanuzi, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, na gesti nyingi leo ziko ndani, nyuma ya mstari wa maduka. Mitaa ya Kimara inapanda na kushuka makorongo. Mvua ikinyesha, bodaboda inateleza kwenye udongo mwekundu na mingine haina taa hata moja. Mwanamke anayesafiri peke yake asikubali maelezo ya "ni hapohapo tu barabarani". Aulize: kutoka lami kuna dakika ngapi kwa mguu, njia ina taa, geti linafungwa saa ngapi, na nikichelewa nani anafungua? Gesti nzuri huwa na bodaboda wake mmoja au wawili wanaojulikana, na humtuma kukupokea kituoni. Isiyo na jibu kwa maswali hayo manne, bei yake isikushawishi.

Chumba chenyewe kikaguliwe kabla ya kuandika jina kwenye kitabu cha wageni, maana ukishaandika na kulipa, kurudishiwa hela ni kesi. Anza na maji. Fungua bomba la sinki na la bafuni kwa pamoja. La bafuni likifa, shinikizo ni dogo. Uliza tangi la juu ni la lita ngapi na linahudumia vyumba vingapi. Tangi la lita 2,000 kwa vyumba 20 ni lita 100 kwa chumba, na watu wawili wakioga asubuhi na jioni na kuvuta choo mara kadhaa zimekwisha. Pampu inayopandisha maji inategemea umeme, kwa hiyo umeme ukikatika mchana kutwa na gesti haina jenereta, jioni hamna maji pia, hata kama DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, wametoa. Kisha inua kona ya godoro, pitisha tochi ya simu kwenye mshono na nyuma ya ubao wa kichwani: vitone vyeusi kama vya kalamu ni kinyesi cha kunguni, toka. Tazama neti kama ina matundu. Mlango uwe na komeo la ndani. Kitasa peke yake hakitoshi, funguo za vitasa hivyo zimeshapita mikono mingi. Mambo haya ni yaleyale mjini na nje ya mji, ila mjini wateja ni wengi na mhudumu hana subira nawe. Huku nje utaonyeshwa vyumba vitatu bila kununiwa.

Stendi ya Mbezi ina wapiga debe wa gesti kama ilivyo na wapiga debe wa mabasi. Anayekubebea begi hadi mapokezi atalipwa, na malipo yake yamo kwenye bei utakayotajiwa. Toka getini mwenyewe, pita mstari wa kwanza wa majengo, uliza kwenye mstari wa pili. Ukishataja kwamba unalala zaidi ya usiku mmoja, bei huanza kusogea.

Sasa wale ambao wasithubutu kulala mbali. Mwenye mgonjwa aliyelazwa Muhimbili, Upanga, ni wa kwanza. Muda wa kuona wagonjwa ni asubuhi, mchana na jioni, na katikati yake unaweza kuitwa kununua dawa au kusaini karatasi. Kimara itamla nguvu kabla haijamla hela. Kwake Ilala au Magomeni ya karibu na daraja, hata chumba cha choo cha nje, ni bora kuliko self ya mbali. Lakini hapohapo kumbuka kwamba Muhimbili ina hospitali nyingine Mloganzila, upande wa Kibamba. Kila siku kuna ndugu wanaoshukia Mbezi, wanaingia mjini kutafuta chumba kwa kuwa wamesikia "Muhimbili", kisha wanafanya safari ya kutoka mjini kwenda Mloganzila kila siku. Kwao huko mbali ndiko mjini.

Wa pili ni mwenye usiku mmoja tu na shughuli moja ya asubuhi katikati ya jiji, au anayewahi boti ya saa 1 asubuhi ya Zanzibar. Tofauti ya Sh20,000 haina muda wa kujikusanya, na hatari ya kuchelewa ni yote. Wa tatu ni abiria wa SGR: treni inamteremsha katikati ya jiji, na kumpandisha Kimara ili alale ni kumrudisha alikotoka. Isipokuwa akiwa na ndege ya alfajiri. Huyo anaweza kushukia Pugu na kulala upande wa Gongo la Mboto au Ukonga, akaenda uwanja wa ndege bila kuugusa mji. Na aliyetoka Lindi au Mtwara hana haja na Barabara ya Morogoro hata kidogo. Mbali yake ni Mbagala.

Kwa mfanyabiashara wa bara mwenye siku nne, mpango unaofaa ni huu: usiku tatu za kwanza Kimara, kwa mwendo wa kutembea hadi kituoni, na usiku wa mwisho Mbezi, karibu na stendi kiasi cha kwenda kwa mguu na begi. Jioni ya mwisho hakuna ununuzi, kwa hiyo umbali wa Mbezi haumgharimu chochote, na alfajiri anatembea kwenda kwenye basi badala ya kukodi gari.

Kimebaki kimoja, nacho kimeletwa na mabasi ya usiku. Ukifika Mbezi saa 9 au 10 usiku na kuingia gesti, kwa utaratibu wa nyingi umelipia usiku unaokwisha, na saa 4 asubuhi utagongewa mlango utoke au ulipe tena. Patana kabla ya kutoa hela: "Nakulipa sasa, hesabu yangu ianze leo, nitoke kesho saa 4." Wengine watakataa, wengine watakubali kwa nyongeza ndogo, na wengine watakuachia ukae kwenye viti vya mapokezi hadi kupambazuke bila malipo ukishalipia usiku unaofuata. Mwombe mhudumu aandike tarehe ya kutoka kwenye risiti, kwa sababu zamu hubadilika asubuhi na yule uliyepatana naye atakuwa ameshaenda kulala.